Unataka Kuchapa Gitaa ya Solo Kama Wazee wa Benga? Anza na Hizi Vitu 8

Kuna aina fulani ya msee amejaa hapa Nairobi. Ako na gitaa, ako na bando, na ameshinda YouTube miezi sita akikopi solo za roki za majuu. Akikuchapia kejani utampigia makofi. Sasa mpeleke kwa bendi ya harusi. Wazee waanze rumba ya kawaida kwa C, mwimbaji anyamaze amwachie nafasi. Jamaa anaganda. Vidole viko na mbio lakini havina cha kusema.

Shida yake si kipaji. Shida ni kwamba alianza kupanda mti kutoka juu. Solo ya huku kwetu, ukitoka benga ya Nyanza hadi rumba ya mabendi yaliyohamia Nairobi kutoka Tanzania na Congo, si mashindano ya spidi. Ni maongezi. Mwimbaji anauliza, gitaa inajibu. Ukielewa hiyo tu, umeshapita nusu ya watu wenye wanamiliki gitaa hii jiji.

Na kuna haraka kidogo. Wazee wenye walijenga hii sauti wanazidi kutuacha. D.O. Misiani wa Shirati Jazz aliaga 2006. Fundi Konde, mmoja wa wale wa kwanza kabisa kuvuma na gitaa hapa Kenya, aliaga 2000. Mingi ya hii elimu haikuwahi kuandikwa mahali. Ulikuwa unakaa kando ya mzee, unaangalia vidole, unaiba kitu moja, unaenda kuifanyia kazi nyumbani. Kila mzee akienda bila kijana wa kukaa kando yake, anaenda na vitu zake.

Kwa hivyo shika gitaa. Tunaanza chini kabisa.

1. Jua kazi ya solo kwa bendi

Bendi ya kawaida ya huku inakuwanga na gitaa tatu. Besi inashikilia chini. Rithimu inachapa kodi mfululizo ndio ngoma isianguke. (Kodi za gitaa, si zile za landlodi.) Solo ndio inaimba juu, noti moja moja, kwa nyuzi nyembamba. Mabendi ya Congo huongeza ya nne inaitwa mi-solo, inakaa katikati ya solo na rithimu.

Ukitaka kujua benga ilitoa wapi tabia yake, angalia nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8. Mpigaji wa nyatiti anaimba mstari, halafu nyuzi zinamjibu kwa noti fupi fupi, kavu, zenye zinaruka. Miaka ya 1960 vijana wa Nyanza walichukua hiyo tabia wakaiweka kwa gitaa. Ikatoka Nyanza ikaingia Ukambani na kina Kakai Kilonzo, ikaingia Central na kina Joseph Kamaru na D.K. Mugithi yenye unakesha nayo wikendi ni mjukuu wa hiyo familia.

Kwa hivyo kazi yako kama mpiga solo ni tatu: kufungua ngoma, kujibu mwimbaji, na kubeba ile sehemu ya kucheza mwimbaji akinyamaza, yenye watu wa Lingala wanaita sebene. Kati ya hizo tatu, kujibu ndio ngumu. Na ndio haifundishwangi.

2. Gitaa yenye haitakuchukia

Huhitaji gitaa ya bei. Unahitaji gitaa yenye inabonyezeka. Ukienda kuangalia ya mtumba, kagua hivi vitu kabla utoe doo:

Shingo. Ishike kama bunduki, funga jicho moja, angalia kutoka kichwa kuelekea mwili. Ikiwa imepinda kama upinde, wachana nayo.

Urefu wa nyuzi kutoka kwa ubao. Kwa freti ya 12 (freti ni vile vyuma vimelala kwa shingo), nyuzi za gitaa ya stima zinafaa kuwa juu ya chuma kwa kama milimita 2. Zikiwa juu sana, vidole vitalia na utadhani wewe ndio mbaya.

Kila freti. Chapa uzi wa kwanza freti moja moja hadi mwisho. Kama kuna mahali inalia bzzz au inakufa, jua kuna kazi ya fundi.

Nyuzi zenyewe, anza na seti nyepesi, namba 9 au 10 kwa gitaa ya stima. Ukiwa na akustiki, ni sawa pia. Jean-Bosco Mwenda wa Congo alirekodi Masanga mwaka 1952 na akustiki moja, kidole gumba na kidole cha shahada, na mpaka leo wapiga gitaa wanajiuliza vile alifanya. Usingoje ampu ndio uanze.

3. Nyuzi na majina yake

Hesabu kutoka chini. Uzi mwembamba kabisa, wenye uko karibu na magoti yako, ndio wa 1. Mnene wa juu ndio wa 6. Majina yake kutoka wa 6 kwenda wa 1 ni: E, A, D, G, B, E.

Weka programu ya bure ya kutuni kwa simu. Tuni kila siku kabla uchape hata noti moja. Hii si mchezo: ukifanya mazoezi na gitaa imepotea, masikio yako yanazoea uongo, na kuyarudisha ni kazi zaidi kuliko kufundisha vidole.

4. Mikono miwili, kazi mbili

Mkono wa kuchapa unashika piki, kale kaplastiki kadogo. Ishike kati ya gumba na upande wa kidole cha shahada, ncha ndogo tu ikitokea nje. Ikitoka sana itakwama kwa nyuzi. Sasa chapa uzi wa 1 ukienda chini, juu, chini, juu, bila kubadilisha. Hiyo ya kupishana ndio injini ya solo yote. Wenye huchapa chini-chini-chini hushika kasi kidogo, halafu mkono unakataa.

Mkono wa shingo una vidole vinne, na kila kimoja kina freti yake. Kidole cha shahada kikikaa freti ya 5, cha kati ni cha 6, cha pete ni cha 7, cha mwisho ni cha 8. Bonyeza karibu na chuma cha mbele, si katikati ya nafasi wala juu ya chuma. Utatumia nguvu kidogo na sauti itatoka safi.

Ncha za vidole zitauma wiki chache za kwanza. Hiyo ni kawaida, ngozi inajijenga. Lakini maumivu ya kifundo cha mkono au ya kiwiko si kawaida. Ukiyaskia, wacha, pumzika, legeza bega, na uangalie kama unabonyeza kama mtu anafinya ndimu.

5. Do-re-mi kwa nyuzi tatu

Kama uliwahi kuimba kwa kwaya ya shule, hii unaijua tayari. Hii hapa ni do-re-mi ya C, yote ndani ya freti nne, nyuzi tatu nyembamba:

Uzi wa 3: freti 5 (do), freti 7 (re)
Uzi wa 2: freti 5 (mi), freti 6 (fa), freti 8 (so)
Uzi wa 1: freti 5 (la), freti 7 (ti), freti 8 (do)

Umeona? Vidole vyako vinne vimekaa kwa freti zake, mkono hausongi kokote. Panda, shuka. Imba na mdomo ukichapa: do, re, mi. Usione haya, uko kejani kwako. Ukiimba na kuchapa pamoja, vidole vinaanza kutii sauti, na hapo ndipo solo inatoka.

Utamu ni huu: hii ramani inahama. Mzee akisema "tunaenda D," sogeza mkono mzima freti mbili mbele, do yako ikae uzi wa 3 freti ya 7, na kila kitu kingine kinakufuata. E ni freti ya 9. F ni ya 10. A ni ya 2. Ramani moja, nyumba nyingi.

6. Mbinu za kufanya noti iongee

Noti zikitoka moja moja bila ladha, unaskika kama simu ya kabambe. Hizi ndizo viungo:

Kugonga. Chapa uzi wa 3 freti ya 5, halafu bila kuchapa tena, angusha kidole cha pete kwa freti ya 7 kama nyundo. Noti mbili, mchapo mmoja.

Kung'oa. Kinyume chake. Vidole vyote viwili vimeshika, chapa freti ya 7, halafu ng'oa kidole cha pete ukivuta kidogo kuelekea chini. Freti ya 5 inalia yenyewe. Changanya kugonga na kung'oa, na utaanza kuskia ile mirindimo ya benga.

Kuteleza. Chapa uzi wa 2 freti ya 6, na bila kuinua kidole, telezesha hadi ya 8. Watu wa rumba wanaishi hapa. Ni kama mtu anavuta neno akiongea na mpenzi.

Kuvuta uzi. Bonyeza uzi wa 2 freti ya 8 na kidole cha pete, weka vile vingine viwili nyuma yake visaidie, sukuma uzi kwenda juu hadi noti ipande. Kujua kama umefika, linganisha na uzi wa 1 freti ya 5. Zikifanana, umefika. Zikikaa karibu-karibu tu, inaskika kama paka. Hii ni ya bluzi na roki zaidi; kwa benga na rumba utaiskia mara chache, kwa hivyo usiifanye ndio kitu yako ya kwanza.

Kutetemesha. Noti ya mwisho ya jibu lako usiiache ikae tu. Tikisa uzi kidogo, polepole, na mkono wote si kidole pekee.

Kuziba. Laza upande wa kiganja cha kuchapa juu ya nyuzi, karibu sana na daraja. Sauti inakuwa fupi na kavu, tap-tap-tap. Ukitaka solo ikae kama nyatiti, hii ndio siri iko wazi mbele ya kila mtu.

7. Nyuzi mbili kwa pamoja

Hapa ndipo masikio ya mtu yeyote aliyekulia East Africa husema "aaah, hiyo naijua." Ni zile sauti mbili zinatembea pamoja kama mapacha, kwa rumba, kwa gospeli, kwa kila kitu. Chapa uzi wa 2 na wa 1 kwa wakati mmoja, kwa C:

Uzi wa 2 freti 5, uzi wa 1 freti 3
Uzi wa 2 freti 6, uzi wa 1 freti 5
Uzi wa 2 freti 8, uzi wa 1 freti 7
Uzi wa 2 freti 10, uzi wa 1 freti 8
Uzi wa 2 freti 12, uzi wa 1 freti 10
Uzi wa 2 freti 13, uzi wa 1 freti 12

Angalia vile umbali kati ya vidole unabadilika: saa zingine ni freti mbili, saa zingine ni moja. Hiyo ndio ya kukariri, na njia ya kukariri ni kutembea polepole mbele na nyuma hadi vidole viache kuuliza. Halafu jaribu kuteleza kutoka pea moja hadi nyingine. Utatabasamu peke yako.

8. Fuata kodi, jibu mwimbaji

Sasa ile ya kutenganisha wanaume na watoto, na wanawake na watoto pia, ju hii kazi haina jinsia.

Ngoma nyingi za benga, rumba na kanisa zimesimama kwa kodi tatu. Kwa C, hizo ni C, F na G. Kila kodi ina noti tatu zake za nyumbani:

C: do, mi, so
F: fa, la, do
G: so, ti, re

Noti zote hizo ziko kwa ile ramani ya namba 5. Rithimu ikiwa C, jibu lako likiishia do, mi au so, litakaa fiti. Rithimu ikihamia F, ukibaki umeganda kwa ti, kila mtu atageuka akuangalie. Huwezi kuzurura popote kwa sababu tu uko ndani ya do-re-mi. Lazima ujue bendi iko nyumba gani sai.

Zoezi: jirekodi na simu ukichapa kodi C mara nne, F mara nne, C mara nne, G mara nne, zunguka kwa dakika tatu. Halafu cheza rekodi na ufanye hivi. Mzunguko wa kwanza, chapa noti moja tu kwa kila kodi, ya nyumbani. Wa pili, noti mbili. Wa tatu, tatu. Ukifika hapo unaweza kuunda jibu.

Kisha chukua wimbo wowote unaoujua kwa moyo. Imba mstari mmoja. Nyamaza. Jibu na noti nne au tano. Imba mwingine. Jibu. Sheria ni moja: mdomo ukiimba, gitaa imenyamaza au iko chini sana. Mpiga solo mwenye anachapa juu ya sauti ya mwimbaji ni kama yule msee hukukatiza kila ukiongea. Hata akiwa na pointi, hakuna mtu anamtaka kwa meza.

Ratiba ya dakika 30

Dakika 30 kila siku zinashinda masaa manne ya Jumapili. Zigawe hivi:

Dakika 5: tuni, halafu piki chini-juu kwa uzi mmoja.
Dakika 8: do-re-mi na metronomu. Anza mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila pigo. Ukimaliza mara tatu bila kukosea, ongeza mapigo 5. Ukikosea, rudi nyuma.
Dakika 7: mbinu moja kutoka namba 6. Moja tu kwa siku.
Dakika 5: nyuzi mbili pamoja.
Dakika 5: kujibu, juu ya ile rekodi yako ya kodi tatu.

Spidi haijawekwa hapo, na si kusahau. Spidi ni polepole yenye imezoea.

Wenye unafaa kukaa kando yao

Kama huna mzee wa kumwangalia vidole, masikio yatafanya hiyo kazi. Skiza Shirati Jazz ya Misiani ujue benga yenyewe. Skiza Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa kutoka Tanga, uskie Wilson Peter Kinyonga akichapa solo bila haraka hata kidogo. Skiza Sina Makosa ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa 1978, uangalie vile gitaa zinapishana bila kugongana. Skiza Shauri Yako ya Super Mazembe. Halafu panda hadi kwa Dr Nico wa Congo, mwenye wengi wa hawa walikuwa wanamskiza.

Skiza hivi: chukua sekunde kumi tu. Vaa iyafoni. Rudia hadi uweze kuimba hiyo sehemu na mdomo bila ngoma. Hapo ndipo ushike gitaa uitafute. Ikiwa na mbio, YouTube inakubali kupunguza kasi hadi nusu. Ukitafuta na vidole kabla hujaimba, unabahatisha. Ukiimba kwanza, unaandika kitu chenye tayari unakijua.

Na doo je?

Iko. Makanisa yanatafuta wapiga solo. Harusi, ruracio, mugithi, studio. Lakini hakuna mtu anakuita ju unaweza kukimbia freti 24. Wanakuita ju unakuja saa yenye ulisema, gitaa imetuniwa, ukiambiwa "F" huulizi F ni wapi, na mwimbaji akianza unashusha sauti bila kuambiwa. Kelewana malipo kabla ya shoo, si saa ya kukunja nyaya.

Ukimaliza miezi mitatu ya hii ratiba hautakuwa Misiani. Lakini mzee akinyamaza na akuangalie, ishara ya kwamba ni zamu yako, utakuwa na kitu ya kusema. Noti tano, zimekaa nyumbani, kwa wakati wake. Hapo ndio kila mmoja wao alianzia.

Leo jioni, kabla ulale: tuni, uzi wa 3, freti ya 5. Hiyo ni do. Endelea.